Mbwa na Paka Katika Nyumba ya Karani: Furaha, Hofu na Gharama Zake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwezi wa wanachama)



Tulipoitaja habari hii kwa mara ya kwanza, baadhi ya wenzetu walicheka, wakasema kwamba chama cha watumishi kina mambo mazito ya kuzungumza, kama mishahara, nyumba na malipo ya uzeeni, wala hakina nafasi ya mbwa na paka. Hatukuudhika kwa kicheko hicho. Ila twaomba kila mmoja wetu atazame safu ya nyumba anamokaa, ahesabu ni nyumba ngapi zisizo na mbwa uani wala paka jikoni. Kisha ahesabu ni wangapi katika wanyama hao waliopata kumwona daktari wa wanyama hata mara moja tangu kuzaliwa. Jambo liingialo katika nyumba zetu, likala katika mshahara wetu, na pengine likahatarisha maisha ya watoto wetu, hilo ni jambo la chama.

Tutasema kwanza habari ya furaha, kisha hofu, kisha gharama. Na mwisho tutaleta shauri moja mbele yenu.

Furaha ya paka yajulikana sana na karani, maana karani ndiye ajuaye hasara ya panya kuliko watu wote. Panya hachagui kati ya gunia la mchele na jalada la barua. Vyote kwake ni chakula na matandiko. Nyumba yenye paka mmoja hodari hulala kimya, na akiba ya unga hufika mwisho wa mwezi bila kutobolewa. Tena paka ni mtu wa adabu: hujisafisha mwenyewe, hufukia uchafu wake, na jioni hukaa juu ya gazeti lile lile ulitakalo kusoma, kana kwamba amepewa zamu ya kulilinda.

Mbwa naye ana kazi yake, nayo ni ya usiku. Mwizi ajuaye kwamba uani pana mbwa hupita nyumba hiyo akatafuta nyingine. Lakini si ulinzi tu. Mtumishi hurudi nyumbani jioni kichwa kimejaa hesabu, pengine amekaripiwa na mkubwa wake kwa kosa lisilo lake. Mbwa hamwulizi cheo chake, wala hajui kama mwaka huu amepandishwa daraja au amepitwa. Humpokea karani mdogo kwa furaha ile ile ambayo angempokea mkuu wa idara. Mambo ya namna hiyo si mengi katika dunia ya kazi.

Na watoto hujifunza. Mtoto aliyepewa kazi ya kumtilia mbwa maji kila asubuhi kabla ya kwenda shule, hujua mapema kwamba yuko kiumbe asiyeweza kusema, naye amtegemea yeye. Somo hilo halimo katika vitabu vyote.

Hata hivyo furaha ya nyumba moja isiwe karaha ya nyumba ya pili. Twakaa pamoja na jirani wa dini mbalimbali. Jirani zetu Waislamu wa pwani hii huhesabu mate ya mbwa kuwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi mbwa wetu akivuka ua akaramba sufuria ya jirani, hatukumtia jirani taabu ndogo. Tumemtia taabu ya ibada yake. Paka hana sheria hiyo, naye huingia popote. Mwenye mbwa ajenge ua, au afunge mbwa mchana na kumfungua usiku, na akirefusha kamba asisahau kivuli na maji. Heshima ya jirani ni sehemu ya ufugaji.

Sasa twaja kwenye hofu, nayo kubwa kupita zote ni kichaa cha mbwa.

Shirika la Afya Ulimwenguni hukadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao katika Asia na Afrika, na katika kila 10 wapatao kufa, 4 hivi ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote waliupata kwa kuumwa na mbwa. Ugonjwa huu una tabia ya hila. Mtu huumwa leo, jeraha likapona, akasahau. Kisha baada ya miezi miwili au mitatu, pengine mapema zaidi au hata baada ya mwaka, dalili huanza. Dalili zikishaanza, dawa hakuna. Mtu huyo karibu hakika atakufa. Lakini kabla ya dalili kuanza, dawa ipo, nayo ni ya kutegemewa. Mwaka 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa alimdunga chanjo mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa, na mtoto huyo akaokoka. Tangu hapo haijakuwa lazima mtu afe kwa kuumwa na mbwa, ila kwa kuchelewa, au kwa kukosa, au kwa kutokujua.

Kwa hiyo twaomba maneno haya yaandikwe ukutani katika kila nyumba. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa au paka, kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15 kamili kwa saa. Asipake pilipili, wala majivu, wala mafuta ya taa. Aende hospitali siku ile ile, apewe sindano, tena azimalize zote kwa tarehe alizoandikiwa, hata kama kidonda kimekauka na nauli ni ghali. Na mbwa aliyeuma, kama ni mzima na anajulikana, asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama na kuangaliwa siku 10, na Bwana Mifugo apewe habari. Mbwa akibadili tabia, mpole akawa mkali au mkali akawa mnyonge, akitoka udenda, akishindwa kumeza, akitembea ovyo na kung'ata vitu bila sababu, mtu asimshike wala asimtie kidole kinywani kutafuta mfupa uliokwama.

Lakini dawa iliyo bora ni ya kumchanja mbwa mwenyewe. Wataalamu wamehesabu kwamba mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita, ukafa wenyewe. Haya si ya kitabuni tu, yamefanyika hapa hapa kwetu. Katika kisiwa cha Pemba mbwa walichanjwa, na mwaka 2014 kichaa kikakoma kabisa. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa, kikaenea. Kazi ya kuchanja ikarudiwa kwa juhudi, na kufikia mwisho wa 2018 kikawa kimekomeshwa mara ya pili. Habari hiyo yatufundisha mambo mawili: ya kwanza, kwamba yawezekana, ya pili, kwamba haitoshi kufanya mara moja, maana mbwa hufa, wengine huzaliwa, na kila mwaka kuna midomo mipya isiyochanjwa.

Yako na maradhi mengine, yasiyomdhuru mtu sana lakini humuua mnyama. Liko gonjwa la matumbo liitwalo pavo, lililoenea ulimwenguni tangu 1978. Huwashika watoto wa mbwa, wakatapika na kuhara damu, na vimelea vyake hukaa katika udongo wa uani kwa miezi mingi. Aliyefiwa na mtoto wa mbwa kwa gonjwa hilo asilete mwingine uani pale mpaka huyo mgeni awe amemaliza chanjo zake. Liko pia gonjwa la distempa. Mwaka 1994 distempa iliingia katika mbuga ya Serengeti ikaua simba wapatao theluthi moja, na wataalamu wakaona kwamba chanzo chake kilikuwa mbwa wa kufugwa. Simba, mfalme wa nyika, kuuawa na ugonjwa wa mbwa wa kijijini! Ndipo mbwa wa vijiji vya kando ya mbuga wakaanza kuchanjwa kwa wingi. Kisha kuna kupe, waletao homa na upungufu wa damu. Na kuna minyoo, ambayo mingine huhamia kwa watoto wachezao mchangani. Tena mbwa asipewe matumbo mabichi ya kondoo au mbuzi aliyechinjwa, kwa kuwa humo huwamo vifuko vya mdudu ambaye akipita kwa mbwa aweza kumrudia mtu na kumvimbisha ini.

Na neno moja la kuonya kwa wapendao kuwa madaktari wa nyumbani. Panadoli imponyayo mtu kichwa humwua paka. Hata kidonge kimoja chaweza kumtosha. Dawa nyingine za kupe zilizotengenezwa kwa mbwa ni sumu kwa paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama sindano, ikamchoma mbwa tumboni. Usimpe mnyama dawa ya mtu kwa kukisia.

Ndugu wanachama, sasa tufike kwenye gharama, mahali ambapo kila karani hunyosha miwani yake.

Gharama za mnyama ni za namna mbili: zijazo kwa kalenda, na zijazo kwa ghafula. Zijazo kwa kalenda ni hizi: chanjo ya kichaa, ambayo kwa kawaida huanza mnyama atimizapo miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa tarehe iliyoandikwa katika cheti, chanjo za pavo na distempa, ambazo mtoto wa mbwa hupewa zaidi ya mara moja kwa kupisha majuma kadhaa, dawa ya minyoo, mara 4 hivi kwa mwaka, dawa ya kupe, na mara moja tu katika maisha yake, kuhasiwa kama ni dume, au kufungwa kizazi kama ni jike. Hilo la mwisho wengi hulikwepa kwa kuona ni ghali. Lakini mimba ya paka ni ya siku 63 hivi, na paka jike aweza kushika mimba hajatimiza hata nusu mwaka. Asiyelipa mara moja atakuwa na watoto wanne jikoni, kisha wanne wengine, na kila mmoja ana tumbo lake na chanjo yake. Asiyeziba ufa atajenga ukuta.

Bei hutofautiana mji kwa mji, kwa hiyo hatutazitaja. Twataja njia ya kuhesabu. Nenda kwa daktari wa wanyama kabla ya kumleta mnyama nyumbani, mwulize bei ya kila kimoja, uandike, ujumlishe, ugawanye kwa 12. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba jumla imekuwa shilingi 120,000 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 10,000 kwa mwezi, mbali na chakula. Kisha ongeza nusu yake, shilingi 5,000, kwa ajili ya ghafula. Kama shilingi 15,000 haziwezi kutoka kila mwezi bila kugusa unga wa watoto, basi jibu limepatikana, na ni afadhali kulipata kabla mtoto hajampa mnyama jina. Tena unapolipia chanjo, angalia kwamba imetoka katika barafu au friji, maana chanjo iliyokaa juani ni maji tu. Na udai cheti chenye tarehe, ukihifadhi pamoja na vyeti vya watoto.

Zile za ghafula ndizo zitesazo moyo. Nyumbani kwetu alikuwako mbwa mmoja, jina lake Simba, aliyeishi nasi miaka 12. Alipozeeka alivimba tumbo, akaacha kula. Daktari wa wanyama alimpima kwa uangalifu, akatuambia wazi: upasuaji utazidi mshahara wa mwezi mzima, na hata akipasuliwa huenda asiishi ila miezi michache. Na juma lile lile ada za shule zilikuwa zimekaribia. Tulikaa na mama watoto usiku ule mpaka taa ikaisha mafuta. Hatukuwa na neno la kubishana. Tulikuwa tunangojana tu, nani alitamke kwanza. Mwisho yeye ndiye aliyesema, "Baba fulani, mbwa huyu ametulinda miaka yote. Tusimwache aumie kwa sababu sisi twaogopa kulia."

Kesho yake daktari alikuja, akampa sindano ya usingizi usio na kuamka, kichwa chake kikiwa juu ya viatu vyetu. Watoto walichimba kaburi chini ya mwembe. Mkubwa wao akauliza, "Baba, kama tungekuwa na fedha, Simba angepona?" Tukamjibu kweli: daktari hakuahidi kupona, na fedha tulizokuwa nazo zilikuwa zako wewe na wadogo zako. Alinyamaza, kisha akaenda kuosha bakuli la maji la mbwa, akaliweka juu ya kabati. Liko pale hata leo.

Tumelisema hili ili mwanachama asione aibu. Kushindwa kulipa upasuaji si ukatili. Ukatili ni kumfunga mnyama mgonjwa porini usiku, au kumwekea sumu ambayo mtoto wa jirani aweza kuiokota, kwa sababu hapana hata fedha ya kumwita daktari siku ya mwisho. Sisi siku ile tulilipa kutoka katika kopo la zile shilingi chache za kila mwezi. Halikuweza kununua uhai, lakini lilinunua kifo kisicho na maumivu, na hilo nalo ni deni tunalodaiwa na mnyama aliyetutumikia.

Neno la mwisho katika hofu na gharama latuhusu sisi watumishi kuliko watu wengine wote, nalo ni uhamisho. Mkulima hukaa na mbwa wake mpaka mmoja wao afe. Mtumishi hupata barua leo, na baada ya majuma machache amekwisha kupakia vitanda na masanduku katika lori. Mbwa hana nafasi katika lori. Hukimbia nyuma yake mpaka barabara kuu, kisha hurudi katika nyumba tupu, akangoja barazani. Mpangaji mpya humfukuza. Baada ya miezi mitatu ndiye yule mbwa aliyekonda alalaye jaani, asiyechanjwa, tunayemwita mbwa wa mitaani, na tunayemlalamikia kwa Halmashauri. Ndugu zangu, wengi wa mbwa hao hawakutoka mitaani. Walitoka katika nyumba zetu.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaleta shauri hili lenye sehemu tatu, wapate kulijadili wanachama.

Kwanza, kila mwaka chama kimwite daktari wa wanyama siku moja, wanyama wote wa safu zetu wachanjwe pamoja. Tarehe 28 Septemba, ambayo huadhimishwa ulimwenguni kuwa siku ya kupambana na kichaa cha mbwa, yafaa sana. Kama nauli ya kumleta daktari ni shilingi 20,000, nyumba moja hulemewa. Nyumba 10 zikichangia, kila moja hutoa 2,000 tu.

Pili, katibu awe na daftari la wanyama wetu: jina la mwenye nyumba, idadi ya wanyama, na tarehe ya chanjo. Kwa daftari hilo tutajua kama tumefika wale 7 katika 10. Sisi ambao kazi yetu ni kuandika majalada ya watu wote, isiwe vigumu kuandika moja la kwetu.

Tatu, mwanachama apataye barua ya uhamisho ampe katibu habari za mnyama wake siku ile ile, ili mwenzake aliyebaki aweze kumpokea pamoja na cheti chake, kabla lori halijaja.

Shauri hili halidai fedha ya serikali, wala halingoji ruhusa kutoka juu. Kichaa cha mbwa hakiangalii daraja la mshahara, na mtoto aumwaye njiani kwenda shule aweza kuwa wa yeyote kati yetu.

Kama kuna mwenye swali au neno la kupinga, tuko tayari kumsikia. Na kama kuna aliye tayari kuandikisha mbwa wake jioni hii, katibu amekuja na kalamu.